Mlango wa Banda la Pikapu

Mzee Yesaya aliipenda pikapu yake kuliko mapafu ya watu. Wezi wa Tunduma walipomng'olea betri, aliijengea banda la mabati lililoegemea nyumba, ukuta mmoja na chumba cha Tumpale, mke wa mwanawe. Jioni aliiingiza kinyumenyume, pua mlangoni, ili asubuhi itoke bila taabu. Bomba la moshi likawa linatazama ukuta ambao nyuma yake alilala mjukuu wake, Brian, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Baba wa mtoto, Damiano, alikuwa safarini na lori huko Zambia.

Asubuhi za baridi mzee aliwasha injini mlango wa banda ukiwa umefungwa, akaketi ndani ya gari kusikiliza kwaya redioni mpaka injini ipate moto. Tumpale akawa anaamka kichwa kinamgonga, mtoto anatapika.

Sasa angemwambiaje? Familia ile ilitoka Mbebe, na katika ukoo wao mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hamgusi. Akisikia kikohozi chake, hujificha. Ilibidi amtume mama mkwe, Ruti, naye akarudi na jibu.

"Anasema yeye moshi hauoni. Wa kuua ni wa mkaa, huu wa gari unapita tu."

"Mwambie, mama, huo asiouona ndio unaoua."

"Nimwambie mara ngapi? Vumilia, mwanangu. Ni baba yako huyo."

Kuvumilia! Neno hilo wanawake hupewa siku ya harusi pamoja na masufuria. Tumpale aliziba mwanya wa juu ya ukuta kwa matambara, akavumilia.

Asubuhi moja aliamka magoti hayana nguvu. Alimwita Brian, kimya. Alimtikisa, shingo ikalegea. Akamkumbatia, akajikokota naye mpaka uani penye upepo, akampigapiga mgongoni huku akipiga mayowe. Ruti alitoka mbio, kanga mkononi.

"Lia, baba! Lia!" Tumpale alimsihi mtoto.

Mtoto akakohoa, akatapika, kisha akalia. Kilikuwa kilio kibaya cha kukwaruza, na Tumpale hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

Bandani injini ilikuwa bado inanguruma.

Alimpa Ruti mtoto, akaenda, akauvuta mlango kwa mikono miwili. Mzee alikuwa kwenye usukani, macho mazito. Alipomwona mkwewe, akajifunika uso kwa kofia. Hata pale, jamani, alikumbuka mila!

Tumpale akapenyeza mkono, akazima gari. "Nitazame, baba! Mjukuu wako nusura afe." Akamshika mkono, akamburuta nje. Mzee akapiga magoti, akatapika naye.

Kesho yake, walipokwisha kurudi kutoka hospitali, Jairo, mdogo wake mzee, alifika kusema kwa niaba ya ukoo. Alimkuta Tumpale na nyundo, anang'oa bawaba za mlango wa banda.

"Umemshika baba mkwe mkono," alisema Jairo. "Toa kuku, omba msamaha. La sivyo utaleta balaa nyumbani."

"Kuku sitoi, na msamaha siombi. Balaa limeshaingia chumbani kwangu, na lilipitia humu." Akapiga, bati likaanguka kwa kishindo. "Gari lilale nje, bomba likitazama barabarani. Likirudi humu, mimi na mwanangu tunaondoka. Damiano nitamwambia mwenyewe."

"Kaka, unasikia maneno hayo?"

Mzee Yesaya alikuwa kwenye kigoda, blanketi mabegani. Ruti akasogea ili apokee jibu alipeleke, kama kawaida. Mzee akamzuia kwa mkono. Akainua uso, akamtazama Tumpale, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mwanangu," alisema, "mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, baba," alijibu Tumpale, na nyundo hakuiweka chini.