Futa Yote Mpaka Kwenye Pembe

Umeme ulikatika Jumatatu alasiri, dakika ileile Bibi Futi alipobonyeza kuhifadhi mchoro wa Mwalimu. Tangu hapo kompyuta ikagoma. Ukiiwasha inavuma, inatoa kioo cheusi chenye mistari minne ya maandishi meupe, halafu inanyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari.

Bibi Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, maana futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake kutwa, hata sokoni alikwenda nayo. Kazi yake hasa ilikuwa nguo za watu ambao viwanda havikuwafikiria: mwenye bega moja juu na jingine chini, mwenye mkono mfupi, mtoto wa kiti cha magurudumu ambaye suruali ikikatwa kama ya wenzake humwacha mgongo wazi. Kila mmoja alikuwa na mchoro wake wa kukatia, wenye jina lake na vipimo vyake. Jumla michoro mia mbili na kumi na minne. Zamani ilikaa kwenye makaratasi, mchwa wakayaanza, naye akakaa miaka mitatu akiihamishia kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Makaratasi yakachomwa.

Wa mwisho kuingia ndiye huyo Mwalimu, mwanamke mwenye uti wa mgongo uliopinda, aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa mkuu wa shule. Ijumaa alikuwa anakabidhiwa ofisi mbele ya wazazi, akataka gauni litakalomkaa mwilini. Kumpima kulichukua saa nzima, amesimama kashikilia meza, jasho linamtoka. Ilipokwisha, Mwalimu alisema hapimwi tena mpaka siku ya sanda.

Aliyeitwa kuitibu kompyuta ni mke wa kifungua mimba wa Bibi Futi. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta, na mtaani walimwita Waya kwa sababu mkoba wake, hata wa kwenda arusini, haukukosa nyaya. Alifika Jumanne asubuhi na hasira zake mkononi. Na hasira yenyewe ilikuwa juu ya nafsi yake. Miaka mitatu nyuma, yeye ndiye aliyeigawa diski ile sehemu mbili: ndogo ya mfumo, yaani ile mitambo inayoiendesha kompyuta, na kubwa ya kazi za mama mkwe. Ile ya kazi aliiwekea daftari. Daftari lenyewe huandikwa na kompyuta, halimhusu mtu: kabla haijabadilisha kitu kwenye diski, huandika kwanza kwamba nataka kufanya hivi na hivi, ndipo ifanye. Umeme ukikatika katikati, ikiamka inasoma ilikuwa imefika wapi. Ile ya mfumo hakuiwekea. Nafasi ilikuwa finyu, naye siku ile alikuwa na haraka, akasema si kitu. Sasa hicho kisicho kitu ndicho kilichomwangalia kwa mistari minne myeupe.

Dawa ilikuwa moja tu, kusimika mfumo upya, na diski igawanywe upya ili sehemu ya mfumo iwe pana na ipate daftari lake. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta zipu. Waya akampigia simu kumuuliza: ile sehemu ya kazi aiache ilivyo, au aifute?

"Futa, mwanangu," ikaja sauti ya Bibi Futi katikati ya makelele ya soko. "Futa yote, mpaka kwenye pembe. Imejaa takataka tangu mwaka juzi, mimi mwenyewe naona aibu."

Waya akauliza tena, na ile kazi ya flashi ya kila Ijumaa, inafanyika? Akajibiwa inafanyika, hajaruka hata Ijumaa moja, na kama hana swali jingine amwache ashindane na muuza zipu.

Basi Waya akafuta. Akaiondoa mipaka yote miwili ya zamani, akachora mipya, ya kwanza pana, ya pili ikachukua kilichobaki. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ikamuuliza tena, kama mama mzazi. Akasema ndiyo. Kwa kuwa diski yenyewe ilikuwa nzee, akaiamuru ikague kwanza ubovu, punje kwa punje, kabla ya kuandika chochote kwenye sehemu ile ya kwanza. Ikaanza kuhesabu asilimia. Tano. Kumi na moja. Ishirini. Waya akapanga nyaya zake, akazipangua. Ilipofika thelathini na moja, feni juu ya kichwa chake ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekwenda.

Waya aliuambia umeme maneno ambayo mkwe hatakiwi kuyatamka ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, hata kama yuko peke yake na cherehani.

Nusu saa baadaye Bibi Futi akaingia na mfuko wa zipu. Akasalimia, akaitikiwa, akauliza wajukuu, akaambiwa wazima. Kisha akaisogelea kompyuta, akapitisha kidole juu ya kasha lake.

"Mbona hujaifuta?"

"Nimeifuta, mama."

"Umeifuta wapi? Hii hapa." Akamwonyesha kidole. Kilikuwa kimevaa vumbi na vinyuzinyuzi kama soksi.

Waya alikitazama kidole kile muda mrefu. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa zipu. Akaomba aletewe flashi.

Flashi ililetwa kutoka kwenye kopo la vifungo, imefungwa kitambaa safi. Waya akaichomeka kwenye laptopu yake mwenyewe, iliyokuwa na chaji. Nyeupe. Hakuna hata faili moja. Bibi Futi akashangaa kweli, akaeleza kwamba kila Ijumaa aliichomeka saa nzima, mpaka kile kitaa chake kinaacha kupepesa, ndipo akaichomoa akijua imejaa.

"Mama, flashi haijai kwa kuchomekwa tu. Si simu."

"Wewe ulisema nichomeke."

"Nilisema uchomeke, halafu unakili."

"Ulisema mambo mengi siku ile. Nikashika la kwanza."

Hapo palikuwa na mambo ya kusemwa, na kwa mtu mwingine Waya angeyasema. Kwa mama mkwe aliyameza, yakashuka kama tonge lisilotafunwa. Akaeleza tu, polepole, kwamba diski ameigawa vyumba upya, na michoro imekwenda. Yote. Alidhani anaambiwa futa diski, kumbe anaambiwa futa vumbi.

Bibi Futi akaivua futi shingoni, akaiweka magotini. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, huko kugawa kwenyewe, vyumba hivyo kawagawia akina nani? Waya akajibu hajamgawia mtu. Kugawa ni kuchora mipaka kwenye diski, hapa mwisho wa huku na hapa mwanzo wa kule, na hiyo mipaka ndiyo aliyoifuta akaweka mingine. Mama mkwe akaikunjua futi na kuikunja.

"Kitendawili."

Waya alifumba macho. Wakati wa vitendawili ndio huu? Lakini mkwe hakatai. "Tega."

"Nyumba yangu haina ukuta hata mmoja, lakini vyumba vyake havigombani."

Akasema diski. Si diski. Akasema kaburi, kwa hasira tu. Bibi Futi akasema ampe mji. Waya akamwambia hana mji wa kumpa mtu leo, achukue wowote autakao, aende akaishi huko salama.

"Kitambaa kilichopigwa chaki," akasema Bibi Futi. "Hapa mkono, hapa kola, hapa mgongo. Mikono ya watu ikifuta chaki, mteja haendi uchi, mimi nachora tena. Msiba unakuja mkasi ukishapita. Sasa nakuuliza, mkasi umepita?"

Waya akafungua macho. Umeme ulikatika asilimia thelathini na moja, na mpaka hapo ile kompyuta ilikuwa inakagua tu, haijaandika. Haijaandika hata nukta. Jambo hilo alilijua tangu chuoni, angeweza kumfundisha mtu mwingine, lakini hasira ilikuwa imelikalia.

"Haujapita, mama."

"Basi chora palepale."

Palepale wapi, ndiyo shida iliyokuja. Vipimo vya mpaka wa zamani hakuviandika popote, na mpaka ukikosewa kwa unywele, sehemu haifunguki. Ilibidi aitumie programu ya kuipapasa diski tangu mwanzo mpaka mwisho, ikitafuta alama ya pale sehemu ya kazi ilipoanzia. Kazi ya saa mbili na nusu, na haijui kupumzika njiani. Ikikatizwa inaanza moja. Umeme ukarudi saa tano. Programu ikaanza kupapasa. Saa sita kasorobo ukakatika. Ukarudi, Waya akaanza moja. Ukakatika akiwa kwenye robo. Ukarudi. Safari hii hakuanza. Alikaa akiitazama soketi ya ukutani kama anayemsubiri mtu atoke amkabe.

Bibi Futi akatoka bila kuaga, akarudi ameshikana na msusi wa jirani, wamebeba kwa pamoja betri la akiba la saluni, zito kama jiwe la kusagia. Msusi akalitua akihema. Akasema lile betri ndilo linalokausha vichwa vya mtaa mzima, na kuna mteja amekaa kule na nywele mbichi, kwa hiyo yakiharibika hapa ajulishwe mapema ahame mji. Akamtazama Waya usoni, akampunguzia dhihaka. Akaenda.

Waya akaiunga kompyuta kwenye betri, akaanza moja. Wakaisubiri. Bibi Futi alitega vitendawili vingine viwili, Waya hakukipata hata kimoja wala hakujaribu. Feni ilisimama mara moja, lakini kompyuta haikusimama. Saa tisa na nusu ukatokea mstari mmoja: imepatikana sehemu iliyopotea, inaanzia hapa, inaishia hapa. Waya akazinakili tarakimu zile kwenye karatasi, akazinakili tena kwenye kiganja, ndipo akauchora mpaka palepale. Akaiomba sehemu ile ifunguke. Kompyuta ikaandika kwamba inasoma daftari. Haikuchukua hata pumzi mbili. Folda ikafunguka.

Bibi Futi akaanza kuita majina kama mwalimu wa zamu, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo. Huyu yupo. Huyu yupo, ingawa alishafariki, lakini yupo. Mtoto wa magurudumu yupo. Mia mbili na kumi na tatu wakafunguka, kila mmoja na mabega yake. Wa mia mbili na kumi na nne alikuwa Mwalimu. Jina lilikuwepo, tarehe ya Jumatatu ilikuwepo. Waya akalibonyeza. Nyeupe. Akaangalia ukubwa wa faili: sifuri.

Akabonyeza tena, kama kwamba mara ya pili kompyuta ingeona haya.

Ikabidi amweleze mama mkwe. Daftari lile huandika jina la kitu na mahali pake. Kilichomo ndani hufuata baadaye kidogo, na Jumatatu umeme ulikatika kwenye hiyo baadaye kidogo. Ipo namna ya kuliamuru liandike kila kitu mara mbili, jina na kilichomo. Ni ya polepole. Miaka mitatu nyuma yeye alichagua ya haraka. Kwa hiyo hata asingefuta, Mwalimu asingekuwemo.

"Nampigia mimi," akasema Bibi Futi. "Ni mteja wangu."

"Hapana, mama. Haraka ilikuwa yangu."

Akapiga. Upande wa pili watoto walikuwa wametoka madarasani, kelele zao zikaingia kabla ya sauti ya Mwalimu. Waya hakuzunguka. Alisema mchoro umepotea, vipimo havipo popote, gauni haliwezi kukatwa mpaka apimwe upya, na kosa ni lake, si la mama mkwe.

"Na wengine wote wapo?" akauliza Mwalimu.

"Wapo."

"Mimi tu."

"Wewe tu, Mwalimu."

Kisha Mwalimu akasema kesho saa nne ana nafasi, atakuja. "Lakini sisimami. Mwambie mama mkwe wako alete kiti, mimi nikae, yeye ndiye azunguke."

Waya akakata simu, akaufikisha ujumbe kama ulivyo. Bibi Futi akabaki ameshika futi kwa mikono miwili. Akasema anapima watu mwaka wa arobaini huu, wote wima, wenye migongo na wasio na migongo, na hajawahi kumwambia mtu kaa. Akasema hajui hata mgongo uliokaa unaanzia kupimwa wapi. Alisema kwa hasira, na haikujulikana anamkasirikia nani.

Waya alikuwa ameshaigeukia kompyuta. Michoro sasa ilikuwa imenakiliwa kwenye flashi na kwenye laptopu, kazi ya kusimika mfumo ilikuwa bado yote, na betri la msusi lilitakiwa kabla ya saa kumi na moja. Akachora mipaka upya, akachagua lile daftari la polepole, akaiamuru diski ikaguliwe. Sifuri. Moja. Mbili. Akahisi kitu kinamgusa nyuma ya shingo.

Ilikuwa futi. Bibi Futi alikuwa ameinama nyuma ya kiti chake, anaishusha polepole kwenye mgongo, anataja namba kwa mnong'ono, anakosea, anarudi juu.

"Mama, nafanya kazi."

"Na mimi nafanya nini? Kaa vizuri. Usitikisike."

Asilimia nne. Waya akanyoosha mgongo, hakutikisika.