Bei ya Kofia ya Naaba Tigré

Bibi Toé alipoingia uani kwa chifu alikuta watu wamenyamaza kama wako matangani.

Huku amekaa Naaba Tigré, chifu wa kijiji, uso kaukunja. Kule amesimama meya mpya, binti wa Kimosi anayeitwa Tené, na viatu vyake miguuni, ingawa mbele ya chifu viatu huvuliwa. Meya anataka kiwanja cha kujenga zahanati ya wazazi, na mwenye kukitoa ni chifu. Lakini meya alitangulia kupeleka wapima ardhi mashambani kabla ya kuja kumsalimu mwenye kijiji, basi chifu hataki hata kumtazama. Leo kiwanja kisipopatikana, zahanati inakwenda kijiji cha pili.

Bibi Toé alimkumbuka mkamwana wake, aliyejifungulia juu ya mkokoteni wa punda, mvua ikimpiga. Sasa ana mimba nyingine.

Yeye ni Msamo aliyeolewa kwa Wamosi, na Wasamo na Wamosi ni watani tangu enzi za mababu: huitana watumwa na hakuna wa kukasirika. Akamwendea chifu taratibu, akamvua kofia yake nyekundu ya uchifu, akaivaa mwenyewe.

"Mtumwa wangu, kichwa chenyewe kama kibuyu, kofia ya nini? Leo chifu ni mimi."

"Rudisha, mla mbwa wee!"

"Ikomboe. Bei yake kiwanja cha wazazi."

Mzee mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na ua mzima ukafuata. Bibi Toé akamgeukia meya.

"Na wewe, mjukuu wa watumwa wangu, viatu vimeota miguuni?"

Meya alicheka mpaka akashika mbavu. Akavivua, akapiga magoti mbele ya chifu. "Nisamehe, baba. Ilinipasa nianzie hapa."

Chifu angeweza kumpa kiwanja cha kule kwenye mawe matupu, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Chukua shamba langu la karibu na kisima," akasema. "Mzazi anahitaji maji."

Bibi Toé alijua shamba hilo ndilo linalolisha nyumba ya chifu. Akamvisha kofia yake kwa mikono miwili, polepole, kama anavyomvisha mwanawe.

Kisha chifu akamwita mpiga ngoma. "Mtajie mwanangu ukoo wake."

Ngoma ikamtaja babu yake Tené, na baba wa babu yake, heshima wanayopewa wageni wakubwa tu. Meya akainamisha kichwa, machozi yakimtoka.

Bibi Toé akajinyoosha mgongo, akawatazama wote wawili.

"Mmewaona watumwa wangu?" akawaambia wazee. "Nimewalea mimi hawa!"