Zabeta Aenda Perth

Tsambika alipopiga simu kutoka Perth kusema kwamba moyo wa mama yake umechoka na madaktari hawana tena la kufanya, Zabeta alikuwa anakaanga pweza. Alizima jiko, akafuta mikono, akamjibu mpwa wake, "Mwambie dada anisubiri. Nakuja."

Hakuna aliyemwamini. Zabeta alikuwa na miaka sabini na tisa, na maisha yake yote pale kisiwani Kastelorizo hakuwahi kupanda ndege. Hata kwa daktari wa meno huko Rodo alikwenda kwa meli. Mwanawe Agapitos, mwenye mkahawa bandarini, alimfungulia ramani kwenye simu. Kutoka kiwanja chao kidogo ni ndege mpaka Rodo, kisha Athene, kisha Doha, halafu bahari tupu mpaka Australia. Alimweleza kuwa kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, na ukijumlisha kusubiri, siku nzima na ushee.

"Mama, miguu itavimba. Na ukifia huko juu je?"

"Nitakuwa nimekaribia kuliko nikifia hapa. Nikatie tiketi."

Siku ya safari upepo uligeuka. Ndege ndogo ya Rodo ilizunguka juu ya kiwanja, ikashindwa kutua, ikarudi ilikotoka. Agapitos akasema taratibu kwamba huenda Mungu mwenyewe hataki, akainama kulichukua sanduku alirudishe garini. Mama yake akalikalia. Alimwambia habanduki pale mpaka apatiwe njia nyingine. Ikabidi mwanawe apige simu huku na huko kusogeza tiketi zote mbele, na jioni Zabeta akapanda meli ya Rodo, akatapika njia nzima.

Doha hakujua aulize kwa lugha gani. Alimshika mkono mama mmoja mfagiaji, akamwonyesha tiketi, wala hakumwachia mpaka mlango wa ndege ya Perth. Juu ya bahari ndege ilitikisika hata meno yake yakagongana. Aliogopa kweli. Lakini kila taa ya mikanda ilipozimika aliinuka, akashika viti kimoja kimoja, akatembea mpaka nyuma na kurudi, kwa sababu daktari alimwonya asiiache damu ilale miguuni.

Dada yake, Evdokia, alikuwa kitandani nyumbani kwa Tsambika. Aliondoka kisiwani akiwa bibi harusi, kwa meli, na tangu hapo hawakuonana. Alimkodolea macho mgeni wake kwa muda.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Njia ndefu hiyo, dada. Naondoka nyumbani nilikuwa msichana."

Evdokia alicheka mpaka akakohoa.

Hawakuzungumza mambo makubwa. Walibishana jinsi mama yao alivyokuwa akikunja mikate ya katumari, ile mitamu ya siagi na sukari ya kisiwani kwao, Zabeta akiipika kila namna ili amshinde, na Evdokia akila vipande vidogo huku akikataa kukubali. Alifariki wiki ya tano, asubuhi, Zabeta akimsugua nyayo.

Zabeta alirudi kisiwani peke yake. Agapitos alimkuta kiwanjani amekonda, vifundo vimevimba, akaanza kumwambia sasa apumzike, ya safari yameisha. Zabeta akamkabidhi sanduku.

"Kumbukumbu ya mwaka ya dada nitakuwepo Perth. Nikatie kiti cha kando ya njia, mwanangu. Dirishani hakuna kitu, ni maji tu."