Kinda wa Tundu la Jikoni

Nimejilaza mkekani bustanini baada ya chakula cha mchana, ungo wa mchele ubavuni, nawatazama makinda wa shomoro wakigombania chenga ninazowatupia. Hawana haya hawa: punje iko mbele ya mguu, lakini wanatikisa mbawa na kupanua midomo yenye kingo za njano mpaka mama yao awalishe. Jana walikuwa watatu. Leo wawili tu, na roho yangu haitulii, maana aliyepotea ni yule mdogo mwoga, kipenzi changu. Ameliwa na yule paka wa jirani, anasema mume wangu, baba Hija, ambaye asubuhi alipanda ngazi akaziba tundu lao la ukuta wa jikoni kwa makumbi ya nazi, ati wameshahama, na nyasi zao zinamwangukia mchuzini. Mama shomoro anapita na kiwavi mdomoni, anazunguka jiko, anarudi nacho vilevile. Naye kachanganyikiwa, najisemea, na kope zinakuwa nzito, na mkono unateleza ndani ya ungo, mchele unaumeza mpaka begani, kisha unanimeza mzima, nami natokea kwenye barabara nyeupe isiyoisha, inayokunja kona na kurudi ilikoanzia, na kila ikirudi inakuta mji, na mji una nyumba mbilimbili, moja imesimama, ya pili imepinduka chini yake kama kwenye beseni la maji, na milango yote imezibwa. Kila mlangoni yupo mwanamke na sahani iliyofunikwa kawa. Wanabisha, wanangoja, wanaondoka na sahani zao, wanarudi. Mmoja anapepeta ungo mtupu, na pale pa uso hana kitu. Samahani dada, namtafuta kinda wangu. Kitendawili, anasema. Tega. Chakula kinaletwa, mlaji yupo, njaa anayo, lakini sahani inarudi imejaa. Mgonjwa, nasema. Siye. Aliyenuna? Siye, nipe mji. Sina mji, dada, nina bustani tu. Haya, namwambia, chukua huu huu tuliosimama. Anauchukua kweli, anaupepeta, nyumba zinapeperuka kama pumba, zilizosimama na zilizopinduka, mpaka unabaki ukuta mmoja, ukuta wa jiko langu, na makumbi, na mama shomoro na kiwavi chake.

Makumbi! napiga kelele, na tayari niko juu ya ngazi nikiyang'oa. Kumbe mwoga alirudi kulala kwao. Mdomo wa njano unachomoza, umepanuka wote, na mama yake ananipita sikioni na kumlisha mbele ya macho yangu, nami nalia kwa furaha.

Mama Hija, utavunjika kiuno, shuka! anafoka baba Hija kutoka chini. Na paka nimemsingizia bure.

Nashuka. Mkekani, kando ya ungo, ipo sahani iliyofunikwa kawa, na nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na kawa. Sijui nimeamkia upande upi. Lakini upande huu kinda anakula, basi mimi siondoki.