Mama Yake Kajali Alikuwa Nani

Nilipoolewa katika kitongoji cha Khet Singh, huko jangwani Barmer, zizi ambalo zamani lilijaa farasi lilikuwa limebakiwa na mmoja tu. Jina lake Kajali. Alikuwa jike mweusi, shingo ndefu, na masikio yake yalijipinda ndani mpaka ncha zikagusana juu ya kichwa, kama inavyompasa farasi wa Marwar, mbegu ya jangwa letu. Mume wangu alikuwa askari, kituo chake mbali kaskazini, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe wangu Jadav Kanwar, na baba mkwe, Khet Singh mwenyewe, ambaye nilimwita Bapusa.

Nasema nilimwita, lakini kwa kweli sikumwita. Kwetu mkaza mwana hazungumzi na baba wa mumewe. Akipita, unashusha mtandio usoni, unanyamaza. Naye Bapusa akitaka chai hakuniambia mimi. Alisimama zizini, akapaza sauti: "Kajali, leo nyumba hii haina chai?" Mimi nikateleka sufuria. Mambo yake mengi niliyajua kwa njia hiyo. Goti linamuuma, mkate wa uwele umeungua, mwanawe hajaandika barua. Yote aliambiwa farasi, nami nikayasikia nikiwa jikoni. Hata leo nikikumbuka sauti ya mzee yule, naisikia pamoja na ile ya Kajali akitafuna.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu likaja tangazo la chama cha wafugaji. Farasi atakayeingia uwanjani kwenye maonyesho ya Tilwara lazima awe ameandikishwa, ana kitabu chake chenye picha na jina la mwenyewe. Daktari atapita vitongojini kuwakagua. Na kama mama wa farasi hakuandikishwa, basi atafutwe mtu asiye wa nyumba hiyo, aliyemjua mama huyo kwa macho yake, aje aseme.

Bapusa alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko tulivyodhani. Jioni nilimsikia zizini.

"Kajali, mimi sina siku nyingi. Mwanangu hapendi farasi, anapenda pikipiki. Nikiondoka, akija mtu kukununua, atajuaje wewe ni nani? Atakufunga mkokoteni wa matofali. Ukiwa na kitabu, hawatathubutu."

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua dengu karibu nami. Akanong'ona, "Masikini. Na anayemjua mama yake Kajali amebaki mmoja tu."

"Nani?"

"Misri Khan."

Hapo nikaelewa. Misri Khan alikuwa jirani yetu, nyuma ya kilima cha mchanga. Wazee hao wawili walikua pamoja, wakachunga pamoja, na ule mwaka wa ukame mkubwa farasi wa Bapusa walipokufa, Misri Khan ndiye aliyemletea mwana-farasi jike bure. Huyo ndiye Lakhi, mama yake Kajali. Misri Khan alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa, na ndiye aliyemfundisha kucheza kwa mlio wa ngoma. Kisha ikaja harusi moja. Lakhi akacheza mbele ya bwana harusi mpaka watu wakapiga mayowe, na mgeni mmoja akauliza nani aliyemfundisha farasi huyu. Bapusa, akiwa juu ya tandiko, akajibu, "Mimi." Misri Khan alikuwa amesimama hapo hapo. Aliondoka bila kugusa chakula. Tangu siku hiyo wakikutana kisimani walisimama kama nguzo mbili, bila salamu.

"Si aende akamwombe radhi?" nikasema.

"Thakur mzima, mtu wa ukoo wa mabwana? Akaombe radhi?" Mama mkwe akacheka. "Hata mimi sijawahi kuombwa, na nimemvumilia miaka arobaini."

Siku zikapita. Bapusa alitandika farasi asubuhi akielekea kilimani kwa Misri Khan, akarudi kabla jua halijawa kali, na mama mkwe alisikia kisimani kwamba aliishia langoni. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa ninafagia karibu na zizi, naye ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikashusha mtandio vizuri, nikamgeukia farasi.

"Kajali," nikasema, "kumbe bwana wako anafika mlangoni kwa watu, kisha anaona haya kubisha hodi."

Nilidhani nitarudishwa kwa wazazi wangu siku ile ile. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nifike: Bapusa alicheka, cheko la puani, akainuka.

"Kajali," akasema, "mwambie mama yake Swarup avae viatu. Tunakwenda wote."

Swarup ni mume wangu. Basi tukaenda: mzee mbele na farasi, mama mkwe na mimi nyuma na bakuli la halua.

Misri Khan alikuwa uani, juu ya kitanda cha kamba, akisokota kamba ya manyoya ya mbuzi. Alituona tangu mbali, wala hakuinuka. Bapusa naye akasimama langoni na hatamu mkononi.

"Kajali," akasema Misri Khan, macho kwenye kamba yake, "umekonda. Huko kwenu hawajui kulisha?"

"Kajali," Bapusa akajibu, "mwambie mzee huyo hukukonda. Macho yake ndiyo yamezeeka."

"Mwulize aliyekuleta amefuata nini. Kama ni kamba, nauza."

"Mwambie kamba zake nazijua, zinakatika."

"Haya," akasema mama mkwe wangu kwa sauti, "na mimi nizungumze na nani? Na kuku?"

Hurmat, mkewe Misri Khan, aliangua kicheko ndani ya jiko. Misri Khan akauma mdomo asicheke. Bapusa akaachia hatamu, akaingia ndani ya ua, akasimama mbele ya kitanda.

"Misri, nilisema uongo siku ile ya harusi. Watu walikuwa wananitazama, nami nikapenda kutazamwa. Lakhi ulimfundisha wewe."

Mikono ya Misri Khan ikaacha kusokota. "Miaka yote nimengoja useme hivyo," akasema, "na nilikuwa nimeandaa jibu, jibu kali kweli. Sasa silikumbuki." Akasogea kitandani, akapiga upande uliobaki wazi kwa kiganja. "Kaa, bwana. Hurmat, chai! Weka maziwa ya ngamia, huyu wa kwetu hapendi ya mbuzi."

Mimi na mama mkwe tulipelekwa jikoni. Sikuona walichofanya. Nilisikia tu wanabishana kama Lakhi alikuwa na doa jeupe mguu wa kushoto au wa kulia.

Siku ya ukaguzi Misri Khan alifika mapema kuliko daktari, kilemba kipya kichwani. Daktari Purohit alikuwa mtu mpole. Alimpima Kajali urefu kwa fimbo yenye alama, akatazama masikio, akachora kwenye picha ya farasi kila mahali nywele zinapozunguka, paji la uso, shingo, kifua. Aling'oa singa chache na mizizi yake, akazitia katika bahasha. Kisha akamchoma sindano shingoni kuingiza chipu, kidude kama punje ya mchele. Bapusa alifumba macho kana kwamba anachomwa yeye.

"Mama yake?"

"Lakhi," akasema Misri Khan. "Wa kahawia, mwenye doa jeupe mguu wa nyuma. Wa kushoto."

"Wa kulia," akasema Bapusa.

"Khet, nani shahidi hapa?"

"Una hakika ndiye mama yake?" Daktari aliuliza.

"Daktari, Lakhi mwenyewe nilimvuta tumboni mwa mama yake, mguu mmoja umekunjika. Na huyu Kajali alipozaliwa nilikuwa nje ya ua nachungulia, maana siku hizo sikuwa nakaribishwa chai. Wewe mama yako ungemsahau?"

Daktari akacheka, akaandika. "Na mfugaji wa huyo mama?"

"Andika Misri Khan," akasema Bapusa. "Na aliyemfundisha kucheza, Misri Khan."

"Swali hilo halimo, mzee."

"Andika pembeni."

Daktari alimtazama, akamtazama na Misri Khan ambaye alikuwa amegeuka kupangusa pua kwa ncha ya kilemba. Akaandika pembeni.

Ndipo Bapusa akageukia mlango wa jiko. Hakumwita Kajali. "Sugan, binti yangu," akasema, "wewe unajua kusoma. Njoo utusomee tusikie alivyoandika."

Nilisoma mbele ya wanaume wale nikiwa nimejifunika uso, na herufi zilicheza machoni pangu, si kwa sababu ya mtandio.

Kitabu kilikuja kabla ya maonyesho. Mama mkwe alilalamika wiki nzima kwamba farasi amepata pasi, naye hata mjini Jodhpur hajapelekwa. Tilwara, kwenye mchanga wa mto Luni uliokauka, jina la Kajali lilitajwa kwenye kipaza sauti, na jina la mama yake baada yake. Hakushinda chochote. Wazee wale wawili walirudi sauti zimewakauka kwa kushangilia.

Bapusa alifariki miaka michache baadaye, wakati wa baridi. Mume wangu alitaka kumwuza Kajali kwa mfanyabiashara mmoja, lakini mama yake alikataa katakata, na mwishowe Swarup mwenyewe akatia saini, Kajali na kitabu chake wahamie nyumbani kwa Misri Khan. Huko Kajali alizaa jike, naye akaandikishwa bila kutafuta shahidi. Hakuna aliyewahi kumfunga mkokoteni.

Sasa naishi Jodhpur, nyumba ya matofali, ghorofa ya pili. Ninachokikosa si maonyesho wala vilemba. Ni zile jioni za mwisho mwisho, Misri Khan amekuja kututembelea, wameketi zizini wakizozana juu ya doa la Lakhi, na Bapusa anaita kwa sauti yake ya kukwaruza, "Sugan, chai mbili, na huyu mwongo umzidishie sukari."