Chaja ya Bi Mwanaesha

"Mabomba ya chuma tumeyang'oa yote," Menza alisema, akichagua nanasi pale sokoni Marikiti. Alikuwa fundi wa bomba, tena mwenye kujisifu. "Nyumba ya Bi Mwanaesha sasa ni mabomba ya plastiki matupu."

Kitsao, fundi wa umeme, aliweka kapu lake chini. "Tangu lini?"

"Jana alasiri. Mbona wabadilika uso?"

Bi Mwanaesha alipoletewa kiti cha magurudumu cha umeme na bintiye aliye Maskati, Kitsao ndiye aliyemfungia chaja. Aliipa laini yake peke yake na fyuzi yake, kama sheria itakavyo. Lakini sheria ilitaka pia nondo ya shaba ipigwe ardhini, ichukue umeme ukipotea njia. Nondo iligonga jiwe mara mbili, Kitsao akachoka, akaufunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji. Bomba la chuma, lililoingia ardhini. Nani angejua?

Sasa waya ule haukufika popote. Na kila adhuhuri Bi Mwanaesha hutawadha juu ya kigoda, kisha huegemea sanduku la chuma la chaja kwa mkono uliolowa, achomoe plagi ya kiti, ajisogeze kitini, aswali.

Adhana ikaanza.

Kitsao alitimua mbio. Biashara Street aliwapiga watu vikumbo, akatukanwa, hakusikia. Aliogopa kama asivyowahi kuogopa. "Ewe Mungu, mcheleweshe kidogo tu."

Alimkuta mkono umeshanyooka, maji yakidondoka kiwikoni.

"Usiguse!" Akaizima swichi kuu. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.

"Hata hodi, mwanangu?" Bi Mwanaesha alisema. "Hilo sanduku nalo, asubuhi lilinitekenya vidole. Nikasema ni uzee."

Kitsao akakaa sakafuni. Akamweleza yote: jiwe, uvivu wake, bomba.

"Uliniambia ni salama, Kitsao."

"Nilikwambia, Bi."



Kitsao alituma aletewe vifaa vyake, akafungua chaja, akakuta waya umechubuka na unagusa sanduku, akaubadilisha. Kisha akapiga nondo uani hadi alasiri, malengelenge ya viganja yakapasuka, mpaka jiwe likakubali. Akafunga waya kwenye nondo, akarudisha umeme.

"Sasa nishike?"

"Bado, Bi. Mimi kwanza."

Alivua viatu. Akalowesha mkono kwa kopo la Bi Mwanaesha la kutawadhia, akasimama penye maji, akanyoosha mgongo wa kiganja kuelekea sanduku.