Diski Isiyofuta

Nilikwenda Malindi kutafuta kompyuta isiyofuta. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Badawi, mwenye duka la kwanza nililoliona, naye akacheka mpaka tumbo likagonga kaunta.

"Mzee, kompyuta hufuta ukiiambia ifute."

"Yangu haijaambiwa na mtu. Inafuta yenyewe."

Akanionyesha mashine ya ubavu wa kioo, ndani inawaka taa nyekundu na kijani kama harusi. Akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, wanaocheza gemu wanaigombania. Nikamuuliza, je, hii itanitunzia mtu? Akanitazama kama mimi ndiye nimeharibika. Nikatoka.

Nieleze tangu mwanzo. Naitwa Thoya, nyumbani ni Kwa Nzai, kijiji kidogo ukiingia ndani kutoka Matsangoni. Shule niliiacha darasa la nne. Miaka ishirini na mbili nimekwangua chumvi Marereni, narudi nyumbani Jumamosi, naondoka Jumatatu alfajiri. Mke wangu Sidi alibaki peke yake. Mwaka juzi watu waliingia uani mchana kweupe wakaondoka na mbuzi sita. Nikaenda kwa chifu. Akaniuliza, "Una ushahidi?" Nikamwambia ushahidi ni zizi tupu, njoo ulione. Akasema nikipata ushahidi nirudi.

Basi nikautafuta huo ushahidi. Fundi mmoja wa Mtwapa, Lewa, akanifungia kamera nne na kisanduku cheusi cha kurekodi, akakiweka juu ya kabati. Kamera zilirekodi pale tu kitu kinapotikisika mbele yake, picha na sauti. Siku anaondoka akaniachia neno moja: "Mzee, hii usiizime. Ukiizima utapoteza."

Mbuzi hawakurudi. Lakini kamera zilituletea jambo jingine. Jumamosi nikifika tulikaa mbele ya televisheni tukaitazama wiki yake. Sidi hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea simu alijifunika leso. Picha yake iliyopo ni ya kitambulisho, na hapo amekunja uso kama mtu aliyekamatwa. Kamera za ukutani alizizoea. Alikuwa akipita na ndoo, anasimama chini yake, anainua kidevu: "Thoya, umekula? Au kazi yako kunichungulia tu?" Mimi niko Marereni, chumvi mpaka magotini, simsikii. Nitamsikia Jumamosi.

Ugomvi wetu ulikuwa leso. Alizianika kwenye kamba iliyo mbele ya kamera ya nne, na upepo wa kwetu hautulii. Kamera inaiona leso inapepea, inadhani ni mwizi, inarekodi. Saa nzima tunatazama nguo.

"Hamisha kamba," namwambia. "Unajaza mashine bure."

"Hamisha kamera. Kamba ilikuwapo kwanza."

Alikufa Jumanne. Asubuhi alifua na kuanika. Saa sita akaanguka jikoni. Mdogo wake, Kahaso, ambaye wakati ule alikuwa amekuja kututembelea, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Dereva akamwambia gari lipo, mafuta hayapo. Saa nane wakampakia kwenye tuktuk. Zahanati ya kwanza ilikuwa na kufuli, muuguzi yuko semina. Ya pili hawakufika naye.

Sisi Wagiriama mtu haondoki kimyakimya. Kuna hanga. Watu wanakuja na mikeka, wanalala uani, wanapigiwa ngoma, wanaimba, wanalia, wanapikiwa. Tulipanga siku za kawaida. Kisha tukaletewa habari kwamba mheshimiwa fulani anataka kuja kutoa rambirambi, maziko yamngoje. Tukamngoja. Hanga likafika siku tisa. Akaja na magari matano, yote yana mafuta. Akashika kipaza sauti saa moja na nusu mbele ya jeneza la mke wangu, akaahidi gari jipya la wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, na mkono wangu huu mpaka leo sijausamehe.

Wiki tano sikugusa televisheni. Jumapili iliyopita nikajikaza. Nikatafuta Krismasi, siku aliyomfukuza nyani kwa mwiko. Hakuna. Nikatafuta mwezi uliofuata. Hakuna. Nikasogea mbele, patupu, patupu, mpaka Jumatatu ile, siku moja kabla ya kifo. Hapo nikamkuta. Anachota maji kwenye tangi, anainua kidevu. "Thoya, umekula?"

Nikazima televisheni haraka. Kisanduku sikukizima, nikakumbuka neno la fundi. Nikamwambia Kahaso mashine imejaa, inamtapika dada yako. Zimebaki siku mbili zake humo. Lazima ninunue kubwa zaidi.

Jumatatu ningekwenda Malindi. Lakini nilikuwa nimeambiwa karatasi ya kifo itasainiwa siku hiyo, nisipofika nianze upya. Nikakaa kwenye benchi la ofisi ya chifu tangu saa mbili. Saa kumi karani akatoka na funguo mkononi, akaniambia bwana mkubwa yuko mkutanoni, rudi kesho. Nikarudi nyumbani nikakuta wenzangu wa Marereni wamekuja na lori zima kunipa pole, wamejaa uani, watoto wanakimbizana. Nikawashukuru, wakakaa mpaka giza.

Ndiyo maana nilikuwa Malindi Jumanne. Baada ya Badawi nikaingia duka dogo nyuma ya soko, la mama mmoja aitwaye Lubna. Alikuwa na bisibisi mdomoni na kompyuta imefunguliwa kifua mbele yake.

"Shikamoo baba. Karibu, keti. Wataka nini?"

"Marahaba. Nataka kompyuta ya kamera. Kubwa. Isiyofuta."

Hakucheka. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaniuliza kamera ngapi, zatazama nini, umeme wa kwetu wakatika mara ngapi. Nikamweleza na ile ya Badawi yenye taa za harusi.

"Hiyo muachie Badawi. Kamera hazichezi gemu." Akagonga kompyuta kuukuu ya ofisi iliyokuwa chini ya meza. "Hii yakutosha. Haili umeme, na ina nguvu ya kufungua picha za kamera nne bila kutokwa jasho. Tutaiongeza memori kidogo. Fedha yako itie kwenye diski. Lakini si diski ya kuandikia barua. Kuna diski zilizoundwa kwa kamera, zafanya kazi usiku na mchana, mwaka kwa mwaka. Na betri ya akiba, umeme ukikatika isife ghafla. Hewa yetu ya chumvi yala vyuma, kwa hivyo utaiweka ndani, si barazani."

"Na hiyo diski haifuti?"

"Baba, zote zina mwisho. Ikijaa, huandika jipya juu ya kongwe. Ila kubwa huchukua muda mrefu. Sasa hiyo uliyo nayo, ulipoizima ilikuwa imefika tarehe gani?"

"Sijaizima."

Akaniangalia. "Yaandika hivi sasa?"

"Fundi alisema nikiizima nitapoteza."

"Alikuambia utapoteza mwizi! Yule atakayepita wakati imezimwa. Vilivyo ndani haviendi popote ukizima. Ni kuiwasha ndiko kunakovifuta." Akasimama. "Nyumbani kuna watu wengi?"

"Tulikuwa na hanga. Siku tisa."

Mama huyu ni wa mjini, watu wake asili yao visiwani kaskazini, lakini hanga analijua. Akaweka mkono kwenye paji la uso. Nami hapo hapo nikaelewa, bila kompyuta. Kila aliyekuja kumlilia Sidi alikuwa akimfuta. Kila mkeka uliotandikwa, kila bega lililocheza, magari matano, saa moja na nusu ya ahadi. Mashine iliona vumbi hilo lote likitikisika ikalipokea, na ili ipate nafasi ikamtoa mwenye nyumba.

"Piga simu," Lubna akasema. "Wambie wachomoe."

Kahaso akapokea na kelele za kuku.

"Kahaso, chomoa waya wa kisanduku cheusi. Juu ya kabati. Sasa hivi!"

"Shemeji, si ulisema atakayekigusa utamkata mkono?"

"Chomoa!"

"Kuna nyaya tatu hapa. Ya kisanduku ni ipi?"

"Chomoa zote!"

"Basi usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Haya. Taa imezimika. Na friji imezimika. Umefurahi?"

Kesho yake nilikibeba kisanduku mpaka kwa Lubna, nimekifunga kwa leso ya Sidi kama mtoto. Akakiunganisha na kioo chake. Hakuniruhusu kubonyeza, nadhani aliona vidole vyangu. Akarudisha nyuma, nyuma. Mheshimiwa akapita anatembea kinyumenyume kurudi garini. Ngoma. Jeneza. Sufuria. Ikafika mahali ikakataa kwenda.

"Ndiyo ya mwanzo kabisa iliyobaki," akasema. "Jumanne hiyo. Saa tisa kasoro dakika kumi."

Sidi walimpakia saa nane.

Ile Jumatatu niliyoiona kwa macho yangu Jumapili, maji, kidevu, "umekula", imekwenda. Imeliwa na lori la Marereni na watoto wanaokimbizana, siku niliyokuwa kwenye benchi nikimngoja mtu asaini kwamba mke wangu amekufa. Kama angesaini saa tatu, ningefika Malindi saa sita. Namlaumu na nitaendelea kumlaumu, yeye na wa mafuta na wa kufuli na wa magari matano. Lakini waya ulikuwa kwangu, juu ya kabati langu, na ungechomolewa na yeyote. Aliyekataza ni mimi.

"Haiwezi kurudishwa?"

"Ingekuwa imefutwa tu, ningejaribu. Hii imeandikwa juu yake, baba. Pole sana."

Kisha akasema, "Lakini hebu, hii hapa ni nini?"

Ilikuwa kamera ya nne. Uani hakuna mtu. Jiko limeachwa wazi. Na kwenye kamba leso mbili, ya manjano na ile ya bluu, zinapepea. Kamera ilidhani ni mwizi. Upepo unazivuta, zinajaa, zinaanguka, zinajaa tena. Alizianika asubuhi kwa mikono yake. Vibanio amevibana viwiliviwili, kama kawaida yake, kwa kuwa hakuniamini mimi wala upepo.

Lubna akaenda kufunga mlango wa duka, pikipiki zisisikike. Nikatazama mpaka mwisho. Dakika arobaini na moja. Mwishoni Kahaso anaingia uani mbio, analia, anazivuta leso zote mbili kwa pamoja, na vibanio vinaruka.

"Hii ndiyo nataka," nikasema.

"Sasa, ile kompyuta nikutengenezee? Na diski kubwa?"

"Hiki kitu chahitaji diski ya ukubwa gani?"

Akafungua droo, akatoa flashi ndogo kama punje ya korosho. Akainakili humo mara moja, akaijaribu, akainakili tena kwenye nyingine, akasema moja ikiharibika iwepo ya pili. Nikazitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

Kahaso alikuwa mlangoni niliporudi. Akakitazama kisanduku mikononi mwangu.

"Nikirudishe juu ya kabati?"

"Kiweke uvunguni."

"Na hii kamba nayo? Kila siku ulikuwa wataka ihamishwe, leo nimepata mtu wa kuihamisha."

Nikamwambia aiache hapo hapo ilipo.